Mafundi Watatu wa Jazi ya Dar es Salaam

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwapeni habari za watu watatu waliokuwa mafundi wa muziki katika mji wa Dar es Salaam. Watu hao ni Muhidin Maalim Gurumo, Marijani Rajabu, na Ramazani Mtoro Ongala, ambaye watu wote walimjua kwa jina la Remmy. Wote watatu wamekwisha kufariki. Nyimbo zao hata hivyo hazikufa, nazo husikika mpaka leo katika nyumba za Temeke na Kinondoni, na huku kwetu Wazo vilevile, siku za harusi na siku za mapumziko.

Huenda msikilizaji akauliza, kwa nini watatu? Katika nchi ya Marekani, jazi ilikozaliwa katika mji wa New Orleans, kuna desturi ya kufanya kikundi cha wapigaji watatu tu: mmoja piano, wa pili besi, wa tatu ngoma. Kila mmoja huleta alichojifunza kwao, na msikilizaji huweza kuwapambanua kwa sikio. Bendi zetu za dansi zilikuwa na watu kumi au zaidi, na ni vigumu kueleza habari za wote kwa siku moja. Basi sisi tumewachagua watatu. Hawakuwa watu wa bendi moja, lakini tukiwaweka pamoja tutaona wazi mambo mawili: jinsi mpigaji alivyoupata ufundi wake, na jinsi alivyoishi kwa ufundi huo. Jambo la pili ndilo lenye uzito.

Kwanza yafaa tulieleze neno lenyewe. Kwetu neno "jazi" halikuwa na maana ile ya Wamarekani. Lilikuwa jina la bendi, yaani chama cha watu wapigao dansi kwa vyombo vya kigeni. Kabla ya dansi palikuwa na beni, ngoma iliyoanza pwani ya Mombasa na Lamu mwisho wa karne ya 19, ikaiga bendi za askari na mabaharia wa Kizungu. Baada ya vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 beni ilienea Tanganyika nzima, na katika Dar es Salaam vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, magwaride na tarumbeta. Hata miaka ya 1930 vijana wa mjini wakapenda mtindo mwingine. Walisikiliza santuri zilizotoka Kuba, wakajifunza gitaa, wakaunda vyama vya kucheza dansi ndani ya nyumba. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na baada yake zikafuata nyingine nyingi, katika mji huo na katika miji kama Morogoro, Tabora na Tanga. Mwaka 1951 redio ikaanza kutangaza kutoka Dar es Salaam, na tangu hapo mtu wa kijijini ambaye hajapata kuuona mji aliweza kuwajua waimbaji wake kwa sauti zao.

Sasa tumtazame wa kwanza. Bwana Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Masaki, Kisarawe. Nchi hiyo ni ya Wazaramo, na mtoto wa Kizaramo wa siku zile alikuwa na shule mbili za sauti kabla hajaliona gitaa. Shule ya kwanza ni ngoma. Huko hujifunza kuitikia, yaani kungoja kiongozi atoe neno, ndipo wengine walipokee kwa pamoja. Shule ya pili ni chuo cha Kurani, ambako kijana hufundishwa kuivuta sauti bila kuikata pumzi mahali pasipofaa. Msikilizaji akimsikiliza Gurumo kwa makini atayatambua mambo hayo mawili katika uimbaji wake. Haharakishi maneno, huyaweka moja moja, kama mtu anayetoa nasaha mbele ya wazee, na wenzake humwitikia.

Alianza kazi ya bendi mwaka 1960 katika Kilimanjaro Chacha, kisha akapita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz. Mwaka 1964 likatokea jambo jipya. Chama cha wafanyakazi kilichoitwa NUTA kiliundwa mwaka huo, nacho kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Gurumo akawa miongoni mwa watu wake wa mwanzo. Upya wa jambo hilo ni huu: hapo zamani bendi ilikuwa chama cha marafiki, nao waligawana kiingilio cha mlangoni, na usiku wa mvua hapakuwa na cha kugawana. NUTA iliwaajiri wapigaji kama inavyoajiri makarani. Mwisho wa mwezi walipokea mshahara. Vyombo vilinunuliwa na chama, vikawa mali ya chama.

Kwa mtu mwenye watoto jambo hilo lilikuwa faraja kubwa, na baadaye mashirika mengine ya umma, majeshi na jumuiya za vijana wakaiga mfano huo. Lakini wasikilizaji waitafakari sentensi ile ya mwisho: vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpigaji alipotaka kuondoka aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki ukutani.

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka. Shirika la usafiri na teksi lilianzisha bendi iitwayo Mlimani Park, nalo likawavuta mafundi kutoka bendi kubwa za mji, naye akawamo, pamoja na mwimbaji mwenzake Hassan Bitchuka. Bendi hiyo ikapewa jina la Sikinde, ambalo ni jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi aliyoiacha nyuma iliitwa Msondo, jina la ngoma pia. Hivyo watu wa mji wakagawanyika, hawa Sikinde, hawa Msondo, kama babu zao walivyogawanyika kwa Marini na Arinoti. Gurumo alikuwa na sehemu katika pande zote mbili.

Mwaka 1983 Mlimani Park ilitoka mikononi mwa shirika lile, ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ambalo watu hulijua kwa jina la DDC. Mwaka 1985 Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakahamia Orchestra Safari Sound, iliyokuwa mali ya tajiri mmoja wa mjini. Baadaye akarudi katika bendi yake ya zamani. Jina la bendi hiyo lilikuwa limebadilika kila chama cha wafanyakazi kilipobadilika: NUTA, kisha JUWATA tangu mwaka 1978, kisha OTTU tangu 1991, na mwisho Msondo Ngoma. Wazee wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Gurumo aliuacha mbacha wake mara zaidi ya moja, na kila mara aliurudia. Alistaafu mwaka 2013, baada ya miaka 53 ya kuimba.

Kustaafu kwake kuliwashangaza wengi. Mtu ambaye sauti yake ilijulikana nchi nzima kwa nusu karne hakuwa na gari la kumchukua kwenda hospitali. Mwaka ule ule wa 2013 mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, alimpa gari kama zawadi mbele ya watu. Wengi walimsifu kijana yule, na kwa haki. Lakini wengine walijiuliza, imekuwaje kijana wa miaka ishirini na kitu ampe mzee gari, wala si mzee kumpa kijana? Jibu tutalitafuta mbele. Bwana Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014.

Wa pili ni Marijani Rajabu. Yeye hakutoka shamba. Alizaliwa Kariakoo, katikati ya mji, mwezi wa Machi mwaka 1955. Alipita chuo cha Kurani kama Gurumo, tena alisoma shule ya msingi na ya sekondari, na katika siku zile mwimbaji wa dansi mwenye elimu ya sekondari hakuwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo walimu wake wa muziki walikuwa wa namna nyingine. Mtoto wa Kariakoo alizungukwa na santuri. Marijani aliwapenda Tabu Ley wa Kongo na Sory Kandia Kouyaté wa Guinea, akawasoma kama mwanafunzi asomavyo kitabu, hata katika mavazi ya jukwaani akawafuata Waafrika wa Magharibi.

Akiwa kijana mdogo aliingia STC Jazz, bendi ya Shirika la Biashara la Taifa, iliyoongozwa na mpiga gitaa Raphael Sabuni. Mwaka 1972 akahamia Safari Trippers, na hapo ndipo jina lake lilipovuma. Wimbo wake "Rosa Nenda Shule" ulienea mahali pengi, na sisi tulio walimu tuna sababu ya kuukumbuka, kwa kuwa si nyimbo nyingi za dansi zinazomhimiza msichana aende shule. Watu wakampa jina la Jabali la Muziki. Safari Trippers ilipokwisha, yeye akawa kiongozi wa Dar International, na hapo akatunga "Zuena" na "Mwanameka". Nyimbo zake zilikuwa hadithi kamili, zenye mwanzo, shida na mwisho, na msikilizaji alitaka kujua yaliyompata mtu wa katika wimbo kama atakavyo kujua mwisho wa ngano.

Nyimbo za Dar International zilipigwa katika studio ya Radio Tanzania. Hapa yatupasa tueleze jinsi kazi hiyo ilivyokwenda, maana bila kuijua hatutaelewa yaliyompata Marijani. Bendi ilikwenda studio, ikapiga nyimbo zake, zikanaswa katika kanda. Wapigaji walilipwa ada ndogo, basi. Kanda ilibaki katika maktaba ya redio, ikapigwa hewani leo, kesho na mwaka ujao. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa santuri, na aliyetaka santuri alisafiri mpaka Nairobi kwa makampuni ya huko. Zamani za Safari Trippers santuri za Nairobi zilileta faida kidogo. Lakini wakati wa Dar International nyimbo nyingi zilizojulikana kuliko zote hazikupata kuwa santuri hata moja. Kila nyumba ilizisikia, na hakuna aliyezinunua kwa mwenyewe. Miaka ya 1980, vinasa sauti vilipoenea, watu walizinasa kutoka redioni, na wachuuzi wakauza kanda hizo barabarani.

Dar International ilivunjika katika miaka hiyo. Marijani akapiga na bendi hii na hii, lakini nguvu ya zamani haikurudi. Miaka yake ya mwisho aliishi Kariakoo, alikozaliwa, akijipatia riziki kwa kuuza kanda za nyimbo karibu na nyumba yake. Tafakarini, wasikilizaji: mtunzi ameketi na kanda zake mbele yake, na mtaa wa pili mtu mwingine auza nyimbo zile zile bila kumwomba ruhusa. Alifariki tarehe 23 Machi 1995, akiwa na umri wa miaka arobaini tu.

Wa tatu ni Remmy Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, nchi ambayo Kiswahili husemwa kwa namna yake. Mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake, na Remmy mwenyewe alisimulia kwamba mganga aliagiza mtoto huyo asinyolewe nywele. Ndiyo sababu watu walimzoea na nywele zake ndefu, na ndiyo asili mojawapo ya kuitwa Daktari. Shule yake ya muziki ilikuwa nyumbani, maana baba yake alikuwa fundi wa ngoma na wa kile chombo kidogo cha vyuma kipigwacho kwa vidole gumba. Baba akafariki Remmy akiwa mtoto, na mwaka 1964 mama akafariki pia. Tangu hapo kijana yule alifanya gitaa kuwa jembe lake. Alilima nalo Kongo, akalima nalo Uganda, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam, alipoitwa na mjomba wake aliyeongoza Orchestra Makassy.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Remmy aliyaona mambo ya mji kwa jicho la mgeni, akayasema kwa Kiswahili ambacho mwenyeji asingethubutu. Makassy ilipohamia Nairobi yeye alibaki, akajiunga na bendi ya Matimila. Jina hilo la Matimila lilitokana na mwenye vyombo, na kwa hiyo hata katika jina la bendi tunaona tena jambo lile lile: chombo kina bwana, na fundi si bwana wa chombo. Aliimba habari za kifo, za umaskini, za watu wasio na mtetezi. UKIMWI ulipoingia nchini aliimba "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu wajikinge kwa kondomu. Redio haikuupiga wimbo huo. Watu waliufuata kumbini na katika kanda, na pengine wako walio hai leo kwa ajili yake.

Sasa bahati ya Remmy ilikuwa tofauti na ya wenzake, na inafaa tueleze ilivyotokea. Kanda ya nyimbo zake ilichukuliwa na rafiki mpaka Uingereza, ikawafikia watu wa WOMAD, ambao hukusanya wanamuziki wa mataifa mengi katika tamasha. Mwaka 1988 Remmy na Super Matimila wakaalikwa kwenda kupiga Ulaya. Baadaye akapiga nyimbo zake katika studio za Real World huko Uingereza, zikatoka kwa jina la "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992. Juu ya jalada liliandikwa jina lake mwenyewe. Mkataba ulikuwapo, na aliyetaka kuzisikia alizinunua dukani. Ufundi wake haukuwa mkubwa kuliko ule wa Gurumo au wa Marijani. Kilichozidi ni karatasi.

Mwaka 2001 Remmy alipatwa na kiharusi, na katika miaka yake ya mwisho aliacha dansi akaimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Mahali alipoishi, katika Sinza, palipokuwa wakati huo sehemu ya Wilaya ya Kinondoni, kituo cha basi kiliitwa kwa jina lake. Utingo wa daladala akiita "Sinza kwa Remmy!" abiria hushuka, na vijana wengi hushuka bila kujua Remmy alikuwa nani.

Basi tumewaona wote watatu. Mmoja alifundishwa na ngoma na chuo, wa pili na santuri na shule, wa tatu na baba yake. Milango ilikuwa mitatu, nyumba moja. Kwa hiyo mzazi asimkataze mtoto kwa kusema kwamba muziki ni kazi ya wasio na mafunzo. Mafunzo yalikuwapo, tena marefu, ila hayakuandikwa katika cheti.

Ama kuhusu riziki, habari zao zatufundisha kwamba mpigaji ana mali tatu: chombo, wimbo, na jina. Gurumo alikuwa na jina, lakini chombo kilikuwa cha mwajiri, na nyimbo zikabaki katika kanda za redio. Marijani alikuwa na jina na nyimbo, lakini wimbo usiolindwa ni kama shamba lisilo na mpaka, kila apitaye huchuma. Remmy, kwa sehemu ya maisha yake, alipata wimbo na jina kuandikwa pamoja juu ya karatasi moja. Na yule kijana aliyempa Gurumo gari alifika wakati ambao mwimbaji huweza kuuza kazi yake kwa jina lake mwenyewe. Hilo ndilo jibu la swali tuliloliacha nyuma.

Sheria nayo ilichelewa. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini mpigaji wa kawaida hakuuona msaada wake. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1999, na chama cha kuisimamia, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001. Marijani alikuwa amekufa miaka minne kabla ya sheria hiyo kuandikwa. Huku Wazo saruji imetoka katika kilima chetu tangu mwaka 1966, na nyumba nyingi za mji zimejengwa nayo. Mwenye nyumba ana hati yake, na kiwanda kina hesabu zake. Mwenye wimbo uliowafurahisha watu ndani ya nyumba zile hakuwa na hati wala hesabu.

Kwa hiyo twawaomba wasikilizaji mambo mawili yaliyo katika uwezo wa kila mtu. La kwanza, ninyi wanafunzi, mkimjua mzee aliyepiga gitaa, ngoma au tarumbeta katika bendi ya zamani, mwendeeni kwa adabu, mkamwulize alijifunza wapi, alipiga na nani, na nyimbo gani alizitunga, mkayaandike majibu yake katika daftari pamoja na miaka. Wapigaji wengi waliokuwa nyuma ya Gurumo na Marijani hawana hata mstari mmoja ulioandikwa juu yao. La pili, ninyi watu wazima, mnaponunua wimbo, nunueni kwa mwenyewe au kwa aliyeruhusiwa naye, hata kama ule wa barabarani ni rahisi zaidi. Na kijana wenu akitaka kuingia bendi, msimwulize tu kama aweza kuimba. Mwulizeni pia chombo ni cha nani, na jina la nani litaandikwa juu ya wimbo.

Hayo ndiyo tuliyokusudia kuwaambieni leo. Kwaherini.